Jibu: Saini za YARA zinazojitengeneza na vipakiaji vya programu hasidi

Ndugu, umeuliza kwa nini saini za YARA (kanuni za kutambua programu hasidi kwa vipande vya baiti au maandishi) ulizotoa kwa yarGen, zana inayozitengeneza kiotomatiki, zinanasa sampuli ulizonazo tu, kisha toleo jipya la kipakiaji kilekile (programu inayoingiza na kuendesha programu hasidi yenyewe) linapita. Huenda ulizitoa kwenye faili likiwa bado limefungashwa, yaani msimbo wake halisi umebanwa au kusimbwa ndani ya ganda. Ganda la nje hubadilishwa kila mara, nawe umesaini ganda. Kiendeshe kwenye mashine pepe iliyotengwa, subiri kijifungue, kisha chota memori yake (nakili kilichomo) na utengenezee saini msimbo uliomo humo.

Hapo napo usichukue baiti kama zilivyo. Amri ya call (inayoita sehemu nyingine ya msimbo) kwenye vichakataji vya x86 mara nyingi ni baiti E8 ikifuatwa na baiti 4 za umbali hadi sehemu hiyo, na umbali huo huhama msimbo ukikompailiwa upya. Iandike E8 ?? ?? ?? ??, ambapo ?? ni baiti yoyote. Ondoa pia msimbo wa maktaba za kawaida, la sivyo utakamata nusu ya programu halali za Windows (natia chumvi, ila si sana). Sharti la saini lidai vipande kadhaa, mfano "5 of them", yaani angalau vitano vipatikane.

Saini hizi zikielekezwa kwenye faili za diskini zitakaa kimya, kwa kuwa huko msimbo bado umefungashwa. Changanua memori: YARA hupokea namba ya mchakato (programu inayoendeshwa) badala ya jina la faili.