Aliyeanza akarudi mara mbili: nani anatolewa?

Kwa kanuni za NFHS (shirikisho la kitaifa la michezo ya shule za sekondari), zinazotumika katika besiboli ya shule za sekondari Marekani, aliyeanza mchezo anaruhusiwa kutoka na kurudi mara moja tu, tena nafasi ileile ya upigaji. Akirudi mara ya pili si halali. Huyo mwenyewe ahesabiwe auti (zamu yake ya kupiga inaisha) na akae benchi hadi mwisho. Ikigundulika kabla ya mpira wa kwanza kurushwa kwa mpigaji anayefuata, wakimbiaji waliosogea kwa sababu ya pigo lake warudi besi zao, lakini auti zilizopatikana zinabaki.

Waamuzi wengi wanachanganya hili na kupiga nje ya zamu. Kwa kosa la zamu mwamuzi anyamaze hadi timu inayolinda ilalamike, na anayehesabiwa auti ni yule aliyepaswa kupiga. Mchezaji asiye halali, mwamuzi mwenyewe anaweza kumtoa bila kusubiri lalamiko.

Kama kocha alisahau tu kumtangaza mchezaji wa akiba aliye halali, hakuna adhabu. Andika mabadiliko kwenye kadi ya orodha ya wachezaji, endelea. Hakikisha kadi yako, usitegemee kumbukumbu ya makocha.