Maswali ya Wasomaji: Mdudu wa Kunde Amehamishwa Familia?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijitabu changu cha kilimo, nilichofundishia tangu miaka ya 1970, kinasema kwamba mdudu anayetoboa kunde ghalani ni wa familia ya Bruchidae. Sasa mjukuu wangu, aliye chuoni, ameniletea kitabu kipya kinachomweka mdudu huyo huyo katika Chrysomelidae. Na fukusi wa mkonge, ambaye sisi tulimjua kuwa wa Curculionidae, kinamwita wa Dryophthoridae. Ni kipi kilichokosea, na nani mwenye mamlaka ya kumhamisha mdudu? (Mwalimu mstaafu, Pongwe, Tanga)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hakuna kilichokosea. Swali lako limebeba mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: jina la familia, ambalo hufuata kanuni zilizoandikwa, na mipaka ya familia, ambayo huwekwa kwa hoja za wataalamu na husogezwa ushahidi mpya unapopatikana.

Kwanza tumtazame mdudu mwenyewe. Juzi nilinunua kibaba cha kunde sokoni hapa Tanga, nikazimwaga juu ya karatasi nyeupe na kuchukua kioo cha kukuzia. Punje kadhaa zilikuwa na vidoa vyeupe vilivyogandama kama matone ya nta, navyo ni maganda ya mayai, kwa kuwa jike hulibandika yai juu ya punje, na buu anapoanguliwa hutoboa papo hapo chini ya yai akaingia ndani, asionekane tena mpaka atoke akiwa mdudu kamili kupitia tundu la duara, utadhani limepigwa keekee. Huyo ndiye Callosobruchus maculatus. Mabawa yake magumu ni mafupi, yanaiacha ncha ya tumbo wazi, na hana mdomo mrefu. Ghalani kila kitoboa punje huitwa fukusi, wala silaumu, lakini kwa wataalamu fukusi hasa ni yule ambaye kichwa chake kimerefuka mbele kikawa kama mkonga. Fukusi wa mkonge, Scyphophorus acupunctatus, mweusi tii, asili yake Meksiko kama mkonge wenyewe, mkonga huo anao bila ubishi.

Sasa jina. Anayeunda familia huchagua jenasi moja (kundi dogo la spishi zilizo ndugu) iwe kielelezo chake, huchukua shina la jina la jenasi hiyo na kulitia kiishio -idae. Bruchus ikazaa Bruchidae, Chrysomela ikazaa Chrysomelidae, Curculio ikazaa Curculionidae. Familia ndogo hupewa -inae, na familia kuu -oidea, kwa hiyo mwisho wa jina peke yake hukuonyesha ngazi yake. Majina huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, zama za Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina hayo, na yakigongana, kwa kawaida lililotangulia ndilo linaloshinda. Mbawakawa, yaani wadudu wenye mabawa magumu, ambamo wadudu wetu hawa wawili wamo, wakiwa na spishi zinazokaribia 400,000 zilizokwisha kuelezwa, majina ya namna hii yamerundikana: orodha iliyotolewa mwaka 2011 na Patrice Bouchard na wenzake ilikusanya majina 4,887 ya familia na ngazi zilizo karibu nayo, mengi yakiwa hayatumiki tena.

Bruchidae na Chrysomelidae yote mawili hutajwa kuwa ya mtu mmoja na mwaka mmoja: Pierre André Latreille, Mfaransa, 1802. Niruhusu nichepuke kidogo, kwa sababu mtu huyu mbawakawa walimlipa fadhila. Alikuwa padri, akafungwa gerezani Bordeaux wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na humo akamwona mbawakawa mdogo, Necrobia ruficollis, ambaye alimtambua kuwa ni adimu. Mdudu alipofikishwa kwa wapenzi wa elimu hiyo mjini, walihangaika mpaka Latreille akaachiwa. Ndugu wa mdudu huyo, Necrobia rufipes, wauza mbata na samaki wakavu wa pwani yetu wanamfahamu, ingawa wao hawana sababu ya kumshukuru.

Turudi kwenye kunde. Wadudu wa jamii ya Bruchus, huyu wa kunde akiwamo, walidumu muda mrefu wakiwa familia ya peke yao. Maumbile ya mabuu na ya wadudu wazima, na baadaye chembe za urithi, vilionyesha kwamba ndugu zao wa karibu wamo ndani kabisa ya Chrysomelidae, yaani mbawakawa wala majani. Kuwaweka kando ni kama kuorodhesha ukoo ukaacha tawi moja kwa sababu tu walihama kijiji: waliobaki hawawezi tena kuitwa ukoo mzima. Ndiyo maana wameshushwa kuwa familia ndogo, na jina limebadilika kiishio tu, kuwa Bruchinae, huku mwandishi wake na mwaka wake vikibaki vilevile. Kanuni ndivyo zinavyotaka.

Suala la fukusi wa mkonge ni tofauti, kwa kuwa hapo bado pana mvutano. Wataalamu wote wanakubali kwamba yeye na fukusi wakubwa wa minazi wako kundi moja, lililopewa jina na Schoenherr, mtaalamu wa wadudu, mwaka 1825. Wanachobishania ni kama kundi hilo lisimame peke yake, Dryophthoridae, au likae ndani ya Curculionidae kwa jina la Dryophthorinae. Mimi hufuata njia ya pili, maana haiwatengi na fukusi wenzao, lakini wa njia ya kwanza hawajavunja kanuni yoyote.

Kuhusu mamlaka, ipo Tume ya Kimataifa ya kusimamia majina ya kisayansi ya wanyama, iliyoanza mwaka 1895, lakini huamua migogoro ya majina tu. Mdudu awekwe familia gani, haiamui. Mtaalamu huchapisha hoja zake, na wenzake humfuata au humwacha.

Kijitabu chako usikitupe, Mwalimu. Penye Bruchidae, futa -idae kwa kalamu uandike -inae, na pembeni uongeze Chrysomelidae. Penye fukusi wa mkonge, acha kama palivyo.