Mama alimtajia tapeli kila kitu: tuanzie wapi?

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi peke yake. Wiki iliyopita alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa wa benki, akamwambia kwamba kuna mwizi anayejaribu kutoa fedha katika akaunti yake na kwamba ni lazima wahakiki taarifa zake hapo hapo. Katika mazungumzo ya karibu saa nzima, mama alitaja namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yake mzazi, na namba ya uthibitisho yenye tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yake. Fedha zilizotoka si nyingi, na benki imeshaifunga kadi. Ndugu zangu wanasema yamekwisha, lakini mimi silali. Je, mtu huyo anaweza kukopa kwa jina la mama? Kaka yangu anataka tumnyang'anye simu. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi. Ndiyo, anaweza kukopa, na anaweza kufungua akaunti au kusajili laini kwa jina la mama, kwa sababu kadi iliyofungwa haimzuii mtu mwenye namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Taarifa hizo haziishiwi muda. Zinaweza kukaa miezi mingi kabla ya kutumika, na matapeli huuziana.

Kaa na mama kwa utulivu, mwandike kila anachokumbuka kukitaja, kisha mtenge yale yanayoweza kubadilishwa na yale ambayo hayabadiliki. Yanayobadilika yashughulikiwe leo, na hapa ndipo familia nyingi hukosea mpangilio: hukimbilia namba ya siri ya benki, ilhali tapeli bado anaisoma barua pepe ya mzee au anapokea ujumbe wake, hivyo namba mpya ikiwekwa asubuhi, jioni anayo. Anzeni na barua pepe kwa kuweka nywila mpya na kuviondoa vifaa vyote msivyovitambua. Halafu ishikeni simu yenyewe. Pigeni *#21# mwone kama simu za mama zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Zikiwa zimeelekezwa, ##002# hufuta maelekezo hayo katika mitandao mingi. Muulizeni pia kama aliambiwa apakue programu yoyote, kwa kuwa zipo programu halali, kama AnyDesk na TeamViewer, ambazo humwezesha mtu aliye mbali kuona kioo cha simu na wakati mwingine hata kuiendesha, na matapeli huzipenda. Baada ya hapo nendeni kampuni ya simu, muombe laini isibadilishwe bila mama kufika mwenyewe. Simu yake ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, msisubiri hadi kesho, kwani huenda laini imehamishiwa kwa mtu mwingine.

Yasiyobadilika yanahitaji kulindwa kwa njia nyingine. Jina la bibi yako halitabadilika, lakini jibu la swali la usalama, yaani swali la kumhakiki mwenye akaunti kama "Mama yako mzazi anaitwa nani?", si lazima liwe la kweli. Mahali penye swali hilo, mama aweke neno jingine kabisa na aliandike katika daftari linalokaa ndani. Kwenye nchi zenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo, ombeni taarifa ya mama, na sheria ikiruhusu, muombe faili lake lifungwe au liwekewe tahadhari ili asikopeshwe mtu kwa jina lake. Ripotini polisi hata kama fedha ni kidogo, na muitunze nakala ya ripoti, kwa sababu siku mkopo usioujua utakapojitokeza, tarehe iliyo kwenye karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea mama.

Mjiandae pia kwa simu ya pili. Aliyetapeliwa mara moja mara nyingi huingizwa katika orodha ya matapeli, na baada ya muda hupigiwa na mtu anayejiita askari au wakili, mwenye habari njema kwamba fedha zimepatikana ila inahitajika ada ndogo. Namba itakayoonekana kwenye kioo inaweza hata kuwa ya benki yenyewe, maana namba hizo hughushiwa. Mama anahitaji kujua jambo moja tu: akate simu, kisha yeye mwenyewe apige namba iliyo nyuma ya kadi yake.

Kuhusu kumnyang'anya simu, nakusihi msifanye hivyo. Mama yangu mdogo alipotapeliwa, alinyamaza siku 11. Tulikuja kuikuta karatasi yenye namba ya yule mtu imekunjwa mara nne chini ya godoro, na katika siku hizo mikopo miwili ilikuwa imechukuliwa kwa jina lake. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba aliogopa watoto wangemwona amepungukiwa akili. Aibu ile ilitugharimu kuliko utapeli wenyewe. Mama yako amesema ndani ya wiki moja, na mkimwadhibu kwa kusema, simu ya pili hamtaisikia.

Kaka yako apewe kazi ya maana: akae karibu na mama wakati mama mwenyewe anaongea na benki na kampuni ya simu, aandike jina la kila ofisa, tarehe na namba ya malalamiko. Kila mwezi wapitie pamoja taarifa ya akaunti, mama akisoma na yeye akitia alama pale ambapo mama atasema, "Hili silijui."