Maswali ya Wasomaji: Miti ya mita 70 imetoka wapi?

SWALI: Tumepewa data za lida (upimaji kwa mapigo ya leza) zilizochukuliwa kwa ndege juu ya msitu wa milimani. Ramani ya urefu wa miti ina vishimo katikati ya vilele, na ukingoni mwa genge kuna "miti" ya mita 70. Tuiamini? – Msomaji, Muheza

JIBU: Bado, ndugu. Urefu ni kimo cha majani kutoa kimo cha ardhi, hivyo kosa la ardhi huhamia lote kwenye mti. Kwenye msitu mnene kama wa Usambara, mapigo machache ya leza hufika chini. Kichujio kinachotenga nukta za ardhi na za miti, kikiwa kikali, hulikata tuta, ardhi ikashuka, mti ukarefuka bure. Kateni wingu la nukta (yaani nukta zote zilizopimwa) kipande chembamba cha mita 2, kifuate mteremko, mkitazame ubavuni. Kama ukingo wa genge hauna nukta za ardhi, ongezeni pembe ya mteremko ambayo kichujio kinaikubali kuwa ardhi na mchuje upya. Nukta za ndege warukao na mawingu ziwe zimeshaondolewa.

Hata ardhi ikiwa sahihi, mteremko hudanganya. Kwenye nyuzi 40, tawi lililotokeza mita 5 kuelekea bondeni husomeka mita 4.2 zaidi, maana linapimwa kutoka ardhi iliyo chini yake. Mti unaotiliwa shaka upimwe kutoka shinani.

Vishimo ni mapigo yaliyopenya kati ya matawi. Msilainishe ramani nzima kwa wastani, vilele vitashuka. Chukueni mwangwi wa kwanza (unaorudi mapema zaidi kwa kila pigo), nukta ya juu kabisa kwa kila mraba wa mita 1, kisha mzibe vishimo peke yake.