Gitaa inayolala kichwa: maswali yenu kuhusu uzito wa shingo na bodi

Fundi shikamoo. Nachonga gitaa ya umeme, bodi ni mkangazi mwembamba wa milimita 35, shingo nimeitoa mpingo mtupu sababu nataka iwe ya kwetu kabisa. Sasa nikivaa nikaachia mkono wa kushoto, shingo inashuka mpaka inaangalia sakafu. Shida nini? (Msomaji wa Tanga)

Marahaba mwanangu, na hongera, mpingo kuuchonga shingo nzima si kazi ya mchezo. Ila shida ndo hiyo hiyo. Mpingo una karibu gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, ndo maana ukiutia kwenye maji unazama, mkangazi ni kama nusu gramu tu, kwa hiyo umeweka mzigo mzito kwenye mkono mrefu na mzigo mwepesi kwenye mkono mfupi. Mtu anayebeba mzega wa maji anajua hii kitu bila kufundishwa: ndoo ikiwa mbali na bega inavuta zaidi hata kama maji ni yale yale. Kwenye gitaa bega lako ni ile pini ya juu ya mkanda, na hapo ndipo watu wengi hawaangalii kabisa, wanahangaika na mbao wakati pini imekaa pabaya.

Angalia Stratocaster ya Fender ya 1954. Ile pembe ndefu ya juu sio urembo, imepeleka pini mpaka usawa wa freti ya 12 hivi (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingoni), kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito inabaki upande wa brichi, lile daraja linaloshika nyuzi kwenye bodi. Gibson SG iliyotoka 1961 bodi yake nyembamba, nyepesi, na pini iko pale shingo inapoungana na bodi, kwa hiyo shingo karibu yote inaning'inia nje, na mpaka leo wenye SG wanalalamika shingo inashuka. Tofauti ya sehemu hizo mbili za pini ni kama sentimita 14, na sentimita 14 hapo ni nyingi sana jamani.

Kwako wewe: mpingo uuache kwenye fretibodi tu, yaani ule ubao wa juu ya shingo unapobonyezea vidole, shingo fanya mninga uliokauka vizuri, mninga hautembei hovyo ukishakauka, weka na trasi rodi, kile chuma cha ndani ya shingo kinachoizuia isipinde. Hata fretibodi peke yake ya mpingo inafika gramu 160 hivi, kwa hiyo usiidharau. Ile shingo uliyochonga usiitupe, ipasue utapata fretibodi kadhaa.

Mimi gitaa yangu imeshakamilika na rangi nishapiga, siwezi kuchonga tena. Nikitoboa bodi kwa nyuma nikatia risasi za ndoano za kuvulia itakaa sawa? (Mombasa)

Itakaa, lakini usifanye hivyo kwanza. Tupige hesabu. Chukua mashine za kukazia nyuzi, zile nzito na zile nyepesi zinaweza kupishana gramu 15 kila moja, ziko 6, hiyo ni gramu 90. Kama pini yako iko kwenye maungio ya shingo basi mashine ziko kama sentimita 55 kutoka hapo, 90 mara 55 ni 4,950. Sasa ukitaka kupata nafuu ile ile kwa kuongeza risasi nyuma ya brichi, sentimita 25 kutoka kwenye pini, unahitaji gramu 200 nzima! Yaani kupunguza 90 kule kichwani ni sawa na kubeba 200 zaidi begani, na mpiga gitaa wa dansi anasimama usiku kucha, kila gramu anailipia mgongoni. Badilisha mashine, kisha hamisha pini iende kwenye ncha ya pembe ya juu kama mbao hapo ni nene ya kutosha, toboa kwanza kwa biti ndogo kuliko skrubu isije ikapasuka. Ukimaliza hayo na bado inashuka ndo tuzungumze risasi, na risasi ni sumu, usiikate wala kuipiga msasa ndani ya nyumba yenye watoto.

Naweza kujua mapema kabla ya kupiga gundi? (Nairobi)

Unaweza na lazima ufanye, hii ndo hatua naipigia kelele kila siku. Bana shingo na bodi kwa klampu nyepesi, fungia kila kitu kwa selotepu mahali pake, mashine, pikapu (vile vya kunasa sauti ya nyuzi), brichi, mpaka vitufe vya sauti, halafu ilaze juu ya fimbo ya mviringo uisogeze taratibu mpaka ikae bila kuanguka huku wala huku, weka alama hapo. Alama ikiwa upande wa brichi kutoka kwenye pini ya juu uko salama, na ikizidi kwenda kwa brichi ndo inatulia zaidi. Ikiwa upande wa shingo simama hapo hapo, usipake gundi, punguza kichwa, kifanye kidogo na chembamba, milimita 14 inatosha, au refusha pembe kwenye mchoro wako. Na kumbuka klampu nayo ina uzito, iweke karibu na pale kwenye alama isikudanganye.

Nataka kuikomba bodi ndani iwe nyepesi. (Mwanza)

Ikombe upande wa shingo, acha mbao nzima nyuma ya brichi. Watu wanakomba kote sawasawa halafu wanashangaa. Kama kuna betri ya pikapu nayo iweke nyuma kabisa.

Mkanda wa ngozi unasaidia? (Zanzibar)

Ule wenye upande wa manyoya unashika bega, wa nailoni unateleza. Lakini uzito haujaondoka, sasa bega lako na shati ndo vinavuta kwa kazi ya pini, saa mbili baadaye utasikia. Uchukue kwa dharura.

Mimi napiga besi, kila besi naona inalala. (Dodoma)

Shingo ndefu na mashine kubwa, ndo asili yake. Ned Steinberger, mbunifu wa magitaa wa Marekani, miaka ya mwanzo ya 80 alikata kichwa chote akahamishia mashine nyuma ya brichi, na tatizo likaisha. Kama hutaki kukata kichwa, tafuta mashine nyepesi za besi na pembe ifike freti ya 12, kwa besi hapo sitakubali pungufu.