Hii nyumba nalala mimi au inalala korona?

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema wewe na mkwe wangu mmeegesha nyumba yenu ya magurudumu kwenye kambi ya watalii huko Black Hills, South Dakota. Mwenye kambi kawapa kiwanja, umeme na maji, nanyi mnamfanyia kazi saa ishirini kwa wiki, wala hakuna senti inayopita mkononi. Unauliza: hapo napo kuna kodi?

Kwanza niambie wewe. Usiku wa manane choo cha wageni kikiziba, anaamshwa nani?

Mama yako hapa anasema nimeshaanza. Sawa, nimeanza. Lakini unajua sisi ni watu wa kambi. Babu yako aliletwa Tanga kutoka Songea akiwa manamba, akakata mkonge, na kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku thelathini, bado ninacho kwenye ule mkebe. Chumba alipewa, posho alipewa, na hakuna siku alisema kapewa bure. Mimi nikazaliwa kambini humo humo, nikapanda hadi dirisha la karani wa mishahara, na miaka yote pale dirishani neno langu lilikuwa moja: nyumba ya kazi ni mshahara wenye paa.

Naona Wamarekani nao wako upande wangu. Mamlaka yao ya mapato, IRS, ina kijitabu namba 525, nimekisoma kwenye simu hadi chaji ikaisha. Ukifanya kazi ukalipwa kitu badala ya fedha, bei ya kitu hicho sokoni ni kipato chako. Bei ya kiwanja chenu si imeandikwa getini, ile wanayotozwa wageni? Basi ndiyo hiyo, labda na nafuu wanayopewa wanaokaa mwezi mzima. Kama ninyi ni waajiriwa, mwenye kambi anatakiwa aiandike kwenye fomu ya W-2, ile ya mishahara ya mwaka, awakate asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani mifuko ya pensheni na matibabu ya wazee, na yeye atoe kiasi kama hicho. Akiwaita wakandarasi, yaani watu waliojiajiri, mzigo wote unawaangukia ninyi, asilimia 15.3, juu ya kodi ya mapato yenyewe. Mwambie mkwe wangu asivimbe kichwa kwa kuitwa mkandarasi. Kodi ya mapato ya jimbo South Dakota haina, hiyo mmepona.

Ningeishia hapo, lakini kuna Mzee Zuberi.

Unamkumbuka, yule wa vigari vya waya. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na kota yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kiwandani. Ofisi ikaniagiza: thamani ya nyumba iongezwe kwenye mshahara kabla ya kukata kodi. Nikaongeza. Mwisho wa mwezi akaja dirishani na karatasi yake ya mshahara, vidole vyeusi kwa grisi, akaibandika kwenye wavu. "Karani, hebu nisomee. Hii nyumba nalala mimi au inalala korona?"

Tulicheka, Rehema. Makarani watatu tulicheka hadi mmoja akatoka nje. Hakucheka. Akasema wiki ile ameamshwa usiku mara nne, na angekuwa na hiari angelala Muheza kwa mkewe. Nikamjibu kwamba nyumba ya kazi ni mshahara wenye paa. Akaondoka, na ile alama ya grisi ikabaki kwenye wavu, sikuifuta kwa muda mrefu, sijui kwa nini.

Sasa juzi nasoma sheria ya kodi ya huko kwenu, kifungu cha 119. Wanasema malazi hayatozwi kodi yakitimiza mambo matatu: yawe kwenye eneo la kazi, yawe kwa manufaa ya mwajiri, na mfanyakazi alazimike kuyakubali ndipo aweze kufanya kazi yake. Nikaiweka simu chini. Ni swali la Mzee Zuberi hilo, limevaa suti.

Ndiyo maana nikauliza habari ya choo. Kama mnafagia mabafu asubuhi, saa nne mmemaliza, na mngeweza kulala mjini mkaja kazini kama wengine, basi kiwanja ni ujira. Kama ninyi ndio mnaofungua geti usiku, umeme ukikatika mnagongewa, na mwenye kambi hataki kabisa mlale kwingine, hapo mambo ni tofauti. Ingawa hata hapo nasita. Sheria inasema malazi, na malazi ninyi mmekuja nayo kwa magurudumu, mlichopewa ni mahali pa kuyaegesha. Na kifungu kile ni cha mwajiriwa, mkandarasi hakimhusu. Tena wasije wakawaambia mmekubali kwa hiari. Zuberi naye alikubali kota kwa hiari, angekataa angelala wapi akiitwa saa nane usiku?

Ukinibana, nitasema andikeni, lipeni, mlale. Lakini sikubani mimi. Mimi nilikuwa karani wa mkonge, si wa Black Hills, na Aprili 15, siku yenu ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, si mbali. Tafuteni mtu wa kodi wa huko aliyezoea watu wa magari, mmwoneshe karatasi mliyosaini, na muda huu mziandike saa zenu, siku kwa siku, na kila mlipogongewa usiku.

Hiyo karatasi nitumie na mimi picha yake, mbele na nyuma. Nyuma ndiko wanakoandika siku ngapi mnapewa za kuondoka kazi ikiisha. Zuberi alipewa tatu.

Mama yako anakusalimu, anauliza huko kuna baridi.

Baba yako