Maswali na Majibu: Wajibu, Haya na Hofu ya Fedheha katika Maandiko ya Kihindu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji waliokutana na maandiko ya Kihindu kwa njia mbalimbali: mmoja kwa majirani zake, mwingine darasani, wengine kwa kujisomea. Nimeyaweka pamoja kwa sababu yote yanauliza mtu afanye nini pale wajibu wake na jina lake mbele ya watu vinapogongana.

Katika Bhagavad Gita, Krishna anamwambia Arjuna kwamba fedheha ni mbaya kuliko kifo. Je, huku si kumsukuma mtu vitani kwa kumtisha na maneno ya watu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Maneno hayo yamo katika sura ya 2, beti ya 34, ya Gita, ambayo ni sehemu ya utenzi mrefu wa vita uitwao Mahabharata, na ili kuyaelewa inafaa tuone yalisemwa wapi na baada ya nini. Majeshi mawili ya ukoo mmoja yamejipanga katika uwanja wa Kurukshetra, na Arjuna, shujaa wa upande mmoja, amemwomba Krishna, Mungu katika umbo la binadamu anayemwendeshea gari lake la farasi, alisimamishe katikati yao. Anatazama huku na huku, anamwona babu yake, mwalimu wake, wajomba zake na binamu zake. Kinywa kinamkauka, ngozi inamwaka, upinde wake uitwao Gandiva unamponyoka mkononi, na anaketi garini akisema kwamba hatapigana. Hoja zake si za mwoga. Anasema kwamba kuwaua jamaa ni kuuvunja ukoo, na ukoo ukivunjika hata sadaka za wazee waliotangulia hukoma.

Krishna anaanza kwa kemeo fupi: unyonge huo haumfai muungwana na utamharibia jina. Wasomaji wengi hulipita jambo linalofuata, nami naliona ndilo ufunguo wa swali hili: kemeo hilo halimwinui Arjuna. Anazidi kuhuzunika, anasema ni heri kuishi kwa kuombaomba kuliko kuwaua walimu wake, kisha anajitangaza kuwa mwanafunzi na kuomba afundishwe. Hapo ndipo mafundisho yanapoanza, nayo yanaanza na roho isiyozaliwa wala kufa. Baada ya hapo Krishna anataja wajibu wa mpiganaji, na baada ya wajibu ndipo anaporudi kwenye fedheha: watu wataisimulia daima, mashujaa wenzako watadhani ulikimbia kwa woga, na kwa mtu aliyekwisha kuheshimiwa jambo hilo lashinda kifo.

Hoja hiyo inadumu kwa beti chache tu. Katika beti ya 38 Arjuna anaambiwa ayaone raha na taabu, faida na hasara, ushindi na kushindwa kuwa mamoja, na katika sura ya 12 mja anayependwa na Mungu anaelezwa kuwa ni yule ambaye heshima na dharau kwake ni sawa, sifa na lawama ni sawa. Kwa hiyo Krishna alizungumza kwanza kwa lugha aliyokua nayo Arjuna, lugha ya watu wa vita, kisha akampandisha kutoka hapo. Mwishoni kabisa, katika sura ya 18, Arjuna anasimama na kusema kwamba upofu wake umeondoka, shaka imekwisha, naye atatenda kama alivyoambiwa. Jina lake na maneno ya watu hayataji tena.

Je, maandiko hayo yanatofautisha haya na aibu kama tunavyotofautisha sisi? (Msomaji, Unguja)

Ndiyo, na Mswahili anayaelewa haraka, kwa sababu lugha yetu imekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Katika Kisanskriti, lugha ya maandiko hayo, neno *akirti*, lililotumika katika beti ile ya 34, ni kinyume cha *kirti*, yaani sifa njema. Ni jina baya lililo midomoni mwa watu. Neno *hri* ni haya, ile inayomzuia mtu asitende ovu hata akiwa peke yake gizani, na sura ya 16 ya Gita inaitaja miongoni mwa sifa za watu wenye asili ya kimungu, pamoja na upole na kutokuwa na tamaa. Katika Devi Mahatmya, utenzi wa kumsifu Mungu kwa sura ya Mama, miungu humsujudia yeye akaaye ndani ya viumbe vyote kwa umbo la haya. Haya husujudiwa, fedheha, nijuavyo, haijapewa hekalu popote.

Kwa nini Karna alitoa kinga yake ya mwili hali alijua kwamba ataangamia? (Msomaji, Mombasa)

Kwa ufupi, Karna ni mwana wa Surya, mungu wa jua, na Kunti, ambaye baadaye alikuwa mama wa Arjuna na ndugu zake, aliyezaliwa na kinga ya mwilini na vipuli vya masikioni ambavyo vilimfanya asiuawe. Kunti alikuwa bado hajaolewa. Kwa kuogopa fedheha alimweka mtoto ndani ya kikapu na kumwachia mto, akaokotwa na kulelewa na mwendesha magari ya farasi. Alipokua akawa mpiga upinde wa kiwango cha Arjuna, lakini kila alipojitokeza aliulizwa ukoo wake.

Kabla ya vita, Surya alimtokea ndotoni akamwonya kwamba mungu Indra, baba wa Arjuna, atakuja kwa sura ya kuhani mwombaji ili amwombe kinga ile. Karna alijibu kwamba hajapata kumnyima mwombaji, na kwamba sifa njema humhuisha mtu duniani kama mama, ilhali fedheha humuua angali hai. Mtu huyu, ambaye mama yake alimtupa kwa kuogopa maneno ya watu, anaifananisha sifa na mama. Naliona neno hilo kuwa la huzuni kuliko yote yaliyomo katika Mahabharata, na sidhani kwamba lilipangwa hivyo kwa bahati tu.

Surya hakukubaliana naye. Alimwambia kwamba sifa ni ya walio hai, na kwamba sifa ya maiti ni kama shada la maua shingoni mwa mfu. Tazama basi kwamba onyo dhidi ya kuiabudu sifa limo ndani ya maandiko yenyewe, tena linatamkwa na mungu ambaye ni baba. Karna hakusikia. Indra alipokuja, Karna alijikata kinga ile mwilini kwa mkono wake mwenyewe akampa.

Baadaye Kunti alimwendea kando ya mto Ganges kumwambia kwamba yeye ndiye mama yake na kumsihi ahamie upande wa ndugu zake. Alimkuta akisali, akamngoja nyuma yake jua lilipokuwa kali, akijikinga katika kivuli cha vazi la mwanawe. Karna alikataa kumwacha Duryodhana, kiongozi wa upande uliopigana na Arjuna, aliyempa heshima wakati wengine walipomdhihaki, lakini alimwahidi mama kwamba atamuua Arjuna peke yake kama ataweza, ili vita vikiisha bado awe na wana watano.

Mtu akiapa, kisha akaona kwamba kiapo kitamfanya atende dhambi, je, heshima yake haimlazimu kukitimiza? (Msomaji, Tanga)

Kisa cha siku ya 17 ya vita kinajibu swali hili. Yudhishthira, kaka mkubwa wa Arjuna, amejeruhiwa na Karna na amelala kambini. Arjuna anakuja kumtazama, na Yudhishthira, kwa uchungu wa kuona Karna bado yu hai, anamtukana na kumwambia ampe mtu mwingine upinde wake. Arjuna anachomoa upanga. Krishna anapouliza kuna nini, Arjuna anaeleza kwamba aliapa kwa siri kumkata kichwa yeyote atakayemwambia aitoe Gandiva, na sasa hana budi kumuua kaka yake, la sivyo atakuwa mvunja ahadi.

Krishna anamsimulia habari za Kaushika, mtawa aliyeapa kusema kweli daima. Watu waliokimbia majambazi walijificha msituni karibu naye. Majambazi wakamuuliza wamepita wapi, naye akawaonyesha. Watu wale waliuawa, na mtawa, pamoja na kiapo chake kisicho na doa, aliishia motoni. Kweli inayowaua wasio na hatia si dharma, yaani si wajibu wa haki.

Lakini Krishna hamwachi Arjuna na kiapo kilichovunjika. Anamwambia kwamba mkubwa anayestahili heshima, akivunjiwa heshima, huwa amekufa angali hai. Kwa hiyo amwite kaka yake kwa neno la Kisanskriti *tvam*, ambalo ni “wewe” la kumwambia mtu wa chini, na kiapo kitakuwa kimetimia. Arjuna anatii, anamwambia kaka yake maneno makali, na papo hapo anachomoa upanga tena, safari hii ili ajiue yeye mwenyewe kwa kujutia. Krishna anamwambia kwamba kujisifu kwa kinywa chako ni sawa na kujiua; basi ajisifu. Anajisifu, kisha anainama miguuni pa kaka yake. Mtoto wa Kiswahili aliyewahi kukemewa kwa kumwambia mzee “we!” hahitaji kuelezwa kwa nini neno moja lilihesabiwa kuwa upanga.

Je, wajibu huo hutegemea kuzaliwa tu? Mtu wa kazi ya chini hana heshima? (Msomaji, Kampala)

Gita inasema kwamba ni afadhali wajibu wako mwenyewe ukiutenda kwa upungufu kuliko wa mwenzako ukiutenda vizuri, na kauli hiyo imetumiwa mara nyingi kuwafunga watu katika tabaka walimozaliwa. B. R. Ambedkar, mwanasheria wa India na mtetezi wa watu wa tabaka la chini, aliyapinga mafundisho ya namna hiyo kwa nguvu zote, na tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, aliongoza kuchomwa kwa kitabu cha kale cha sheria za Kihindu kinachojulikana kama sheria za Manu. Mimi naona alikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo Mahabharata ina kisa cha mtawa mwenye kiburi anayetumwa na mke wa nyumbani aende mji wa Mithila akafundishwe dharma, na mwalimu anayemkuta ni mchinjaji, yuko buchani anauza nyama.

Familia zinazowaua mabinti zao kwa “kulinda heshima” zina hoja yoyote katika maandiko haya? (Msomaji, Nairobi)

Sioni hoja hiyo inaposimama. Savitri, anayetukuzwa kama mfano wa mke mwema, alitumwa na baba yake ajitafutie mume mwenyewe, na alipoonywa kwamba aliyemchagua angekufa baada ya mwaka mmoja alishikilia uamuzi wake, na baba akakubali. Mahakama Kuu Kabisa ya India mwaka 2018 iliamuru hatua za kuwalinda wanaooana kwa hiari yao dhidi ya mabaraza ya ukoo yanayowaandama.

Rama ni mfano wa mwenye kutimiza wajibu. Mbona alimfukuza Sita? (Msomaji, Bukoba)

Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, aliishi uhamishoni miaka 14 ili neno la baba yake lisivunjike, na hapo heshima na wajibu vilikwenda pamoja. Kwa Sita havikwenda pamoja. Baada ya kumwokoa mkewe huyo kutoka Lanka, alikokuwa ametekwa na mfalme wa huko, Rama alimwambia mbele ya watu kwamba hakupigana kwa ajili yake bali kwa kuondoa doa katika jina lake na la ukoo wake. Sita aliingia motoni, na mungu wa moto akamtoa salama. Hata hivyo kitabu cha mwisho cha Ramayana, ambacho wataalamu wengi wanakihesabu kuwa nyongeza ya baadaye, kinasema kwamba watu wa Ayodhya, mji wa Rama, waliendelea kunong’ona juu ya usafi wa Sita, na Rama akamwagiza ndugu yake Lakshmana akamwache Sita msituni, naye ni mjamzito. Wahindu wenyewe hawajapata kuridhika na kisa hiki. Mshairi Tulsidas, alipoitunga upya habari ya Rama katika karne ya 16, hakukisimulia.

Miaka ilipopita Rama alimwita Sita athibitishe usafi wake tena mbele ya baraza. Sita alisema kwamba kama hajapata kumfikiria mwanamume mwingine ila Rama, basi Ardhi impe nafasi. Ardhi ikapasuka, kiti cha enzi kikatokea, naye akashuka nacho. Watu walishangilia. Rama alilia, akaitishia ardhi kwamba ataibomoa pamoja na milima yake isipomrudishia mkewe, na ardhi haikumjibu.